Silaha ya Matope

"Lukelo, hapa limeandikwa jina la nani?"

Dativa aliuliza hivyo mguu wake ukiwa umetulia juu ya kanyagio la cherehani. Mkononi alishika barua iliyotoka kwa Beno, kaka yake Lukelo aliyekuwa masomoni Ufini. Lukelo mwenyewe ndiye aliyeileta mbio kutoka posta ya Ifakara, uso umejaa furaha.

"Hongera, mdogo wangu," Beno aliandika. "Ile silaha yako ya matope wameipenda kuliko zote. Mchezo ukitoka mwakani, jina lako litaonekana kwenye kompyuta."

Lukelo alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Mwanzoni mwa mwaka huo, 1997, Beno alimweleza kwamba kampuni moja ndogo alikokuwa akifanya kibarua ilikuwa ikitengeneza mchezo wa kupigana na viumbe wa sayari nyingine, na ilitafuta michoro ya silaha zao. Lukelo akachora bunduki, na bunduki nyingine, na nyingine. Dativa, mchumba wake, alipoziona alicheka mpaka akakosea mshono.

"Viumbe wametoka nyota ya mbali, halafu wanabeba SMG kama mgambo?"

Tangu siku hiyo wakawa wanawaza pamoja kila alasiri. Dativa alibuni buibui wa chuma anayefuma wavu kwa mwanga. Akabuni tarumbeta linalonyonya sauti ya adui hadi ashindwe kuwaita wenzake. Ile ya matope aliipata shambani kwa mama yake, kijijini Idete, akiwa amezama hadi magotini kwenye mpunga. Silaha hiyo haimgusi adui mwilini, ila hugeuza kila alipokanyaga kuwa tope. Anaweza kwenda mbele tu. Akirudi nyuma, nyayo zake mwenyewe zinammeza.

Sasa Lukelo alijitetea kwamba fomu aliyotuma pamoja na michoro ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina.

"Na mstari huo ukakutosha wewe," Dativa alisema.

Jumapili ile padri alikuwa aanze kutangaza ndoa yao kanisani. Dativa akamwambia Lukelo, bila kupandisha sauti, aende akamwombe padri asubiri.

"Kama wazo langu limekuwa lako kabla hatujaoana, tukishaoana nitabaki na nini?"

Shangazi yake, Klementina, alimsihi asivunje uchumba kwa ajili ya mchezo wa watoto wa Kizungu. Dativa akamjibu kwamba mchezo haukuwa na kosa lolote.

Alhamisi asubuhi Lukelo alirudi. Hakukaa. Alimwomba tu amsindikize posta. Dativa alitaka kukataa, lakini akavua tepe ya kupimia shingoni, akamfuata.

Karani akawaunganishia simu.

"Kaka Beno, shikamoo. Ile silaha ya matope siyo yangu, ni ya Dativa. Mimi nilichora, kisha nikanyamaza."

Sauti ya Beno ilisikika hadi pembeni alipokuwa Dativa. Alisema orodha ya majina ilikuwa tayari, na kampuni ikisikia kuna utata, huenda ikaiondoa silaha yenyewe.

"Basi waiondoe," Lukelo alisema. "Waambie hivyohivyo."

Dativa akamtazama. Kwa miezi kadhaa mtu huyu alikuwa akiwatangazia watu sokoni habari za mchezo ule.

Beno akaomba kuzungumza na mwenye silaha. Baada ya salamu, akamuuliza itakuwaje kama adui anaruka.

"Ataruka, lakini lazima atue," Dativa alijibu. "Akitua, amekanyaga."

Beno akacheka, akasema swali hilo limewashinda mafundi wa kampuni mwezi mzima. Kisha, kwa kuwa hakuwahi kukutana naye, akauliza kwa upole yeye ni nani kwa Lukelo.

Dativa alisogeza simu karibu na mdomo.

"Mchumba wake, kaka. Jumapili tunatangazwa."

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Mwaka uliofuata Beno akawatumia ukurasa wa gazeti wenye picha ya ule mchezo, na chini yake majina mawili, la Dativa likitangulia. Lukelo aliyasoma kwa sauti mara mbili, akaukunja ukurasa vizuri, akapanda baiskeli kwenda Idete kumwonyesha mama mkwe wake.