Siku ya Sita ya Vidonge

"Usimguse. Huyu si Tluway wako tena."

Mama mkwe wangu mtarajiwa alisimama mlangoni kwao, kijijini Tumati, saa sita mchana, jua kali, nami nikasisimka mwili mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ingia ujionee."

Mchumba wangu alikuwa amelala kitandani, macho wazi. Mbung'o walimng'ata alipopeleka ng'ombe porini, akapata malale, ugonjwa wa usingizi unaovuruga akili. Mimi ni muuguzi kwenye utafiti wa dawa mpya, na vidonge nilimletea mwenyewe. Ilikuwa siku ya sita.

"Tluway, ni mimi."

Akatabasamu, lakini akitazama nyuma yangu.

"Agatha, mwambie huyu mgeni akae."

Agatha ni dada yake. Tulimzika miaka mitatu iliyopita. Niligeuka, hakukuwa na mtu, ila pazia lilitikisika na upepo haukuwepo.

"Anaongea naye kutwa," mama alinong'ona. "Amemwahidi dada yake atamfuata kaburini Jumapili."

Simu ikaita. Alikuwa Daktari Theodory, msimamizi wa utafiti.

"Fabiola, damu ya jana bado ina vimelea vingi. Anameza akiwa ameshiba?"

"Kadi yake ya dozi ina tiki zote, za chakula na za vidonge, daktari."

"Basi kwake dawa imeshindwa. Jiandae."

Nijiandae na nini? Nampenda huyu mwanaume jamani! Nikamwinua mkono, saa yake ikateleza mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, Tluway anakula?"

Akaanza kukunja shuka.

"Mama!"

"Amefunga," alisema akilia. "Tunaomba Agatha amwachie. Maji tu, siku zote sita. Tiki niliweka mimi, nisikuudhi."

"Bila chakula vidonge hivi haviingii kwenye damu! Unamuua mwanao!"

Nilimweleza daktari ukweli wote. Akakubali tumlishe kwanza, kisha aanze upya wodini.

Jumapili, huko wodini, sikubanduka kitandani kwake. Alicheka na Agatha mpaka mchana, ghafla akanyamaza. Nikaweka sikio kifuani. Moyo ulikuwa unadunda.

Siku ya tisa ya dozi mpya akanitazama, mimi hasa.

"Fabiola? Mbona umekonda hivyo? Watu watasema naoa fito."

Nililia kwa sauti. Mama alipiga magoti mbele yangu.

"Nisamehe, mwanangu."

Nikamwinua, nikamkumbatia. Hasira ilikuwa haijaisha, nisidanganye, lakini nilikuwa nimerudishiwa mtu wangu.