Hatua za Simu Iliyolala Mezani

Simu yangu ya zamani iko chini ya ziwa. Niliinama kutoa samaki kwenye tundu la barafu, ikachomoka kwenye mfuko wa kifuani ikatumbukia majini, kana kwamba siku zote ilikuwa inasubiri nafasi hiyo. Nilitukana mpaka kunguru wakahama. Kisha nikakusanya vitu vyangu, nikawasha gari, nikaelekea mjini kwa Tuukka, fundi simu, kabla hajafunga duka. Ilikuwa Desemba, saa tisa kasoro alasiri, na giza lilishaanza kuingia.

Mimi binafsi ningeweza kukaa bila simu. Nina miaka sitini, na nusu yake niliishi bila hiyo takataka na sikufa. Lakini binti yangu Inka alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, mumewe yuko melini huko Norway, na gari la kumfikisha hospitali ni langu. Na kuna jambo jingine, nalisema ingawa linaniuma. Mwaka juzi alikuwa na mimba nyingine. Uchungu ulimshika kabla ya wakati, akanipigia mara saba. Simu yangu ilikuwa imezimika kwa baridi, betri kuukuu, na mimi nilikuwa sauna, bafu letu la mvuke, najimwagia maji huku naimba. Mtoto hakuishi. Inka hajawahi kunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo nilimwambia Tuukka nataka simu isiyozimika.

Akanitolea moja ya miaka mitano nyuma. Enzi zake ilikuwa simu ya wakubwa, nzito mkononi, kingo za chuma. Alikuwa ameikarabati mwenyewe: betri mpya, kioo kipya, kumbukumbu zote zimefutwa. Akairekodi sura yangu, nikawa naitazama tu inafunguka. Nikamuuliza ilikuwa ya nani. Tuukka, mtu anayeongea bila kupumua, akaanza kupangusa kioo ambacho kilikuwa kisafi. Akasema sheria ya faragha haimruhusu.

"Sijakuuliza siri zake za benki," nikamwambia. "Nauliza ilikuwa ya nani."

"Mama Sirkka, itaita hata kwenye baridi ya nyuzi thelathini. Si ndicho unachotaka?"

Ndicho nilichotaka. Nikaichukua.

Njia ya kwangu inapita kanisani, kando ya makaburi, halafu msituni, halafu kwenye msonobari wa alama. Huku kwetu mkoani Savo wazee wetu walipokuwa wakimpeleka maiti kaburini, walisimama njiani kwenye mti mmoja, wakachonga herufi za jina lake na mwaka. Marehemu akiinuka akataka kurudi nyumbani, anafika pale, anaona herufi zake, anakumbuka kwamba amekufa. Anageuka. Siku hizi watu wanaona ni mambo ya makumbusho. Mimi nilimchongea mama yangu, nikamchongea na mume wangu Eino, na wote wawili wametulia.

Siku ile nilipopita pale na simu mpya mfukoni, gari zima lilinuka matawi mabichi ya msonobari, yale tunayotandaza mlangoni siku ya msiba. Nikafungua dirisha. Harufu haikutoka.

Kesho yake niliiacha simu juu ya meza ya jikoni, sauti juu kabisa, nikashinda nje napasua kuni hatua kumi kutoka dirishani. Jioni, kabla ya kahawa, nikaitazama. Kwenye kioo kuna kidude cha kuhesabu hatua. Kilisema hatua mia nne.

Nilicheka. Simu imelala mezani, imetembea wapi? Nikasema Tuukka kanipiga changa la macho.

Siku ya pili ilishinda palepale, juu ya kitambaa cha mama yangu. Jioni ilisema elfu moja na mia moja. Nikazunguka nayo chumba kizima, namba haikusogea; hatua zangu haikuzihesabu. Sikucheka sana. Na nilipoinyanyua kuifungua, ilinikataa. Nikavua miwani. Ikanikataa. Nikachana nywele, mtu mzima hovyo, nikajaribu tena. Ikanikataa. Nikaingia kwa namba za siri, nikampigia Inka. Alikuwa mzima, anakula mkate wa iliki, ananicheka kwamba hata mashine zimenichoka.

Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Nilikuwa napiga hesabu. Kutoka makaburini hadi kwenye msonobari wa alama ni hatua elfu mbili. Kutoka pale hadi mlangoni kwangu ni elfu mbili nyingine. Najua vizuri, kwa sababu daktari wa moyo aliniamuru nitembee njia hiyo kila Jumapili na nihesabu.

Jana mia nne. Leo elfu moja na mia moja.

Kuna mtu anatembea kidogo kidogo.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Tuukka kabla hajawasha taa. Nilitaka kuirudisha, anipe nyingine yoyote. Hakuwa na nyingine inayowaka. Mzigo ungefika baada ya siku nne. Siku nne! Inka angeweza kujifungua hata jioni hiyo. Nikiizima simu, namrudisha binti yangu kulekule kwa mara saba. Nikiiacha inawaka, huyo anayetembea anatembea. Nikamwambia Tuukka kila kitu. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Siwezi kukutajia jina, mama. Nilitia saini." Akatazama mlango, kisha akainama karibu. "Ililetwa na waliosafisha nyumba ya bibi mmoja. Alihamia huku kutoka kusini, hakuwa na ndugu. Walimkuta nayo mkononi. Vidole... walipata kazi kuvifungua."

"Alikuwa anampigia nani?"

"Hakuwa anapiga. Alikuwa anasubiri kupigiwa." Akajinyoosha. "Lakini msalaba wa makaburini hauna faragha. Kona ya kaskazini upo mmoja tu mpya. Kwenda kuusoma si kosa."

Basi nikaenda kuusoma. Msalaba wa mbao, hauna hata mshumaa, na Desemba kwetu kaburi lisilo na mshumaa ni aibu ya kijiji kizima. Lempi Aulikki Kuosmala. Kazikwa Oktoba. Mgeni, hana ndugu, nani angesimama njiani kumchongea? Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Lakini huruma yangu haikutosha kumkaribisha.

Nilirudi nyumbani kuchukua kisu cha Eino. Ilipofika saa tisa nilikuwa chini ya msonobari, giza linashuka, theluji magotini. Nikaitazama simu. Elfu moja na mia tano. Nikashusha pumzi. Zimebaki mia tano, nimemuwahi. Nikawasha tochi ya simu, nikakwangua gome, nikaanza kuchonga. L. A. K. Utomvu ukanijaa vidoleni. Chini yake nikaweka mwaka.

"Umekufa, bibi," nikanong'ona kuelekea makaburini. "Samahani. Rudi ukapumzike."

Nikapangusa kisu kwenye koti.

Kisha nikasikia theluji ikikanyagwa. Mara moja. Tena mara moja...

Haikutoka upande wa makaburini. Ilitoka nyuma yangu, upande wa nyumbani.

Nikajiambia ni kulungu. Nikajikaza kisabuni, nikakunja kisu, nikarudi garini nimeinamisha macho, nikaelekea nyumbani.

Jikoni niliweka simu mezani, nikawasha jiko, nikabandika kahawa. Nilianza hata kujisikia mjanja. Harufu ya msonobari ilikuwepo, lakini koti langu lilikuwa limelowa utomvu, ningetegemea harufu gani? Nikalitundika nje, barazani. Nikafunga mlango.

Harufu ikabaki ndani.

Simu ilikuwa imelala imeegemea bakuli la sukari, kioo kikitazama kiti cha Eino, upande wa pili wa meza. Mimi nilikuwa penye jiko, nyuma ya simu. Nikaona mwanga ukiwaka. Kile kikufuli kidogo cha kwenye kioo kikatikisika, kama kinavyofanya kinapotambua sura.

Kikafunguka.

Kwenye kiti hapakuwa na mtu.

Sijui nilisimama vile muda gani, kijiko mkononi. Ndipo ikaita. Nilipiga kelele, sioni aibu kusema. Ilikuwa Inka.

"Mama, njoo. Maji yameshatoka."

Hofu yote ikanitoka, au niseme nyingine ikakalia kiti chake. Nikanyakua simu, funguo, koti, nikakimbilia garini. Nikawasha gari, nikaondoka, na kabla sijafika barabarani kengele ya mkanda ikaanza kulia. Nilikuwa nimefunga mkanda wangu. Nikatazama taa ndogo nyekundu. Ilionyesha kiti cha kando yangu.

Kiti kilikuwa kitupu. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, mkoba sikubeba.

Ting. Ting. Ting.

Ningefanya nini? Kusimama? Kumwacha Inka tena? Nilinyoosha mkono gizani, nikauvuta mkanda wa kiti kile, nikaupitisha juu ya kile kisichokuwepo, nikaufunga. Baridi iliyonigusa mkononi haikuwa ya dirishani. Kengele ikanyamaza. Tukaendelea.

Nasema tukaendelea. Sikuwa peke yangu na nilijua.

Inka alikuwa kizingitini, amejiinamia. Nikamlaza kiti cha nyuma, nikaendesha kama mwendawazimu kwenye barafu. Alikuwa analia, kisha karibu na daraja akatulia, anapumua polepole, kama mtu aliyeshikwa vizuri. Sikuthubutu kutazama kioo cha nyuma. Nilisema moyoni: chukua unachotaka kwangu, bibi, lakini huyu mwache. Nililisema mara nyingi.

Mtoto alizaliwa saa moja jioni ile ile. Wa kike, kilo tatu na nusu, mapafu mazima. Wakunga walifungua dirisha kidogo, wakaulizana nani ameleta mti wa Krismasi mapema. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikalia mpaka nikaishiwa vitambaa. Safari hii simu iliita, na nikapokea.

Walipotuacha wenyewe, Inka alinishika mkono, macho yamelegea kwa uchovu.

"Yule bibi mbona hakuingia?" akauliza.

"Bibi gani?"

"Uliyekuja naye. Alinishika mkono njia nzima. Wa baridi sana, mama, lakini ulinisaidia. Sikumwona vizuri gizani." Akapiga miayo. "Alisema alikuwa anataka kurudi kwake, ila njia imefungwa nyuma yake. Nikamwambia mama atakurudisha na gari. Nilisema vibaya?"

Nikamwambia hapana, alale. Nikajiuliza imefungwaje nyuma yake, wakati hakuwa amefika kwenye mti. Nikatoa simu, nikaitazama. Hatua elfu mbili na mia tano. Nikamwonyesha Inka, nikajifanya nauliza tu, hiki kidude kinajumlisha tangu lini.

Alicheka kwa usingizi. "Wee mama. Kinaanza upya kila siku. Usiku wa manane kinarudi sifuri."

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. Mia nne za siku ya kwanza. Elfu moja na mia moja za siku ya pili. Elfu moja na mia tano nilizoziona chini ya mti. Jumla elfu tatu, na msonobari uko kwenye elfu mbili. Nilipokuwa napiga magoti nachonga, Lempi Kuosmala alishapita. Alikuwa amesimama mgongoni kwangu, upande wa nyumbani, akitazama jina lake likichongwa kati yake na kaburi lake. Sikumrudisha. Nilimfungia nje, na mkono wangu mwenyewe ukamfungia mkanda.

Inka alikuwa ameshalala. Mtoto alikuwa macho kwenye kitanda chake cha vioo, ametulia mno, hajalia tangu kile kilio cha kwanza. Nikaona nimpige picha baba yake aione huko baharini. Kazi ya mikono inapunguza hofu. Niliinyanyua simu juu ya kitanda, kioo kikamwelekea yeye wakati naigeuza, na nilikuwa sijaweka namba za siri bado.

Kikufuli kikatikisika.

Kikafunguka.

Sasa mtoto ana miezi saba. Ananyonya, anacheka, anavuta nywele zangu, nampenda mpaka naumwa. Kila jioni giza likianza kuingia anaigeukia simu, popote ilipo, anaitazama bila kupepesa, kama anayesubiri iite. Simu sijaizima. Inka hajui.

Kisu cha Eino kimo mkobani. Nimekwenda mara tatu kwenye msonobari nikwangue zile herufi, njia ya makaburini ifunguke, arudi akapumzike. Mara zote tatu nimeondoka bila kugusa gome. Lempi akiipata njia, ataondoka. Lakini sijui ataondoka peke yake, au ataondoka na mtoto.