Mkanda Ambao Thongdi Hakuuonyesha

Kilichoanza kumtia Thongdi shaka ni kicheko cha mkewe jikoni. Lamduan alikuwa peke yake, anatwanga mapapai mabichi na pilipili, redio imezimwa, akaangua kicheko mpaka mchi ukamponyoka.

"Wacheka nini?"

"Mwizi!" akajibu bila kugeuka. "Kajificha mtungini, makalio yote nje!"

Thongdi akamtazama kwa jicho la pembeni. Hiyo ilikuwa sinema kongwe ya mzimu mpishi, inayochekwa katika jimbo zima la Isani, huko Thailand, tangu enzi za babu zao. Jana yake aliionyesha penye hekalu la mizimu. Mama mmoja aliweka nadhiri kwamba mwanawe akipona, atawapa mizimu sinema. Mtoto akapona, Thongdi akaitwa, akapanga viti vitupu vya mizimu kama ilivyo ada, akawasha mashine. Lamduan hakuwepo, wala hakuwa amewahi kuiona.

"Nani kakuhadithia? Au wanifanyia mzaha niuze mashine ya sinema?"

Lamduan akaokota mchi, akaendelea kutwanga. Jikoni pakanuka ubani, na hawakuwa wamewasha ubani.

Jioni alimkuta ameketi kuelekea ukutani, anacheka kwa sauti ya kizee, kisha ya kitoto, kisha ya wanaume wengi kwa pamoja, akishtuka pale watu wanaposhtuka, mpaka akafika pale mzimu wa sinema aliposimama na kisu mlangoni kwa mtawa, na hapo akanyamaza, mdomo wazi, macho hayapepesi, akingoja, akingoja, halafu akaanza upya toka mwanzo, wala hali, wala hanywi, midomo inampasuka na bado anacheka.

Hapo mlangoni ndipo Thongdi alipozima mashine usiku ule. Wingu la mvua lilikuwa limetanda, viti vitupu, akajisemea, nani atajua? Mkanda wa mwisho ukabaki ndani ya kopo lake.

Akamkimbilia Bibi Phayom, mganga na mtunzaji wa hekalu.

"Bibi, nisamehe. Sikuimaliza."

"Hukuimaliza!" Bibi akashusha sauti. "Sisi tunaipendea makalio ya mwizi, mjinga wewe. Wao wanangoja mtawa amimine maji, amwambie yule mzimu, nenda, umesamehewa. Miaka yote wanangoja hapo tu. Umewaacha mlangoni, nao wamekufuata nyumbani. Mlete mkeo kabla hajakauka!"

Wakambeba mpaka hekaluni. Thongdi akapanga viti vilevile, akamkalisha Lamduan mbele, akaweka mkanda wa mwisho mashineni. Mtawa akamimina maji. Kicheko kikakatika. Kwenye viti vitupu kukasikika kilio cha chini, cha watu wengi wanaojizuia, na mdomo wa Lamduan ukajifumba taratibu.

"Thongdi," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Nina njaa. Mbona tuko huku?"

Thongdi akaunganisha viganja mbele ya uso, akalia kwa shukrani. Halafu akanyoosha mkono azime mashine. Vidole vya Bibi Phayom vikamkamata kiganjani, baridi.

"Usizime."

"Si imekwisha, Bibi?"

"Hakuna aliyenyanyuka." Bibi hakuwa akimwangalia yeye, alikuwa akitazama nyuma ya Thongdi. "Na wamekuja wengine. Wamesimama mpaka barabarani. Weka mkanda wa kwanza, mwanangu. Wanaitaka tena."

Thongdi akauweka. Hakuthubutu kugeuka.