Jina la Mwisho kwenye Orodha

Mtoto alinyamaza ghafla, katikati ya kilio, kama redio iliyokatiwa umeme. Phelista, aliyekuwa amempakata, alibaki na karatasi mkononi, na neno la kwanza lililomtoka, Mungu amsamehe, lilikuwa asante.

Na nani asingeshukuru? Siku sita mfululizo yule binti alikuwa amelia, akikataa titi, akikataa mgongo, akikataa kila dawa ya tumbo. Majirani wa mtaa wa Matisi walianza kwa huruma wakaishia kugonga ukuta. Kwa watu wa mumewe, Jotham, tiba ya kilio cha namna hiyo inajulikana: mtoto anatafuta jina. Wazee hukusanyika, mlango hufungwa, majina ya marehemu wa ukoo huitwa moja baada ya jingine, na likitajwa la yule anayetaka kurudi, mtoto hushika titi akalala.

Tabu ni kwamba wazee hawakuwapo wa kukusanya. Jotham alikuwa safarini na lori la mahindi. Mama yake, Lenah, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani bibi, alikuwa nyumbani Bungoma, nje kidogo ya Kibabii, mguu umefungwa plasta baada ya kuteleza kisimani. Levi, mdogo wake Jotham, alikuwa Amerika, na mwaka huo wa 2007 ni yeye aliyeleta wazo kwa barua pepe.

Kulikuwa na tovuti ya picha. Unaweka picha yako, na mtu yeyote anaweza kuibandikia maneno chini yake: harusi, Kitale, ng'ombe. Maneno hayo waliyaita tagi, na ukibonyeza tagi moja unaonyeshwa kila picha duniani iliyopewa neno hilo. "Weka picha ya mtoto," aliandika Levi. "Kila mmoja wetu atabandika jina la marehemu anayemkumbuka. Wewe kazi yako ni kuyaita tu."

Phelista aliona ni akili nyingi. Yeye mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa saiba, duka la intaneti, ya Khairunisa, karibu na msikiti mjini Kitale, na kompyuta haikumtisha. Aliiweka picha, na ili asiwasumbue jamaa kwa nywila, akaiacha wazi kwa kila mtu. Jioni yake majina yalikuwa kumi na mawili. Aliyanakili, akaenda nyumbani, akaanza kuita. Wakhungu: kilio. Wepukhulu: kilio. Nasimiyu, Jairus, yote mpaka la kumi na moja, kilio. Akaita la kumi na mbili.

Jina lenyewe halitaandikwa hapa. Msomaji ana mdomo, na huenda ana mtoto nyumbani.

Tangu jioni hiyo binti hakulia tena. Kliniki walimdunga sindano na hakupepesa hata jicho. "Huyu ni mpole bana, ati hata haskii uchungu!" nesi alicheka. Phelista hakucheka, kwa sababu alikuwa ameanza kuona mahali mtoto alipokuwa akitazama: pembe ya chumba, juu, penye kabati, na ukimgeuza huku, shingo yake changa ilirudi kule taratibu. Kisha ikaja harufu ya manyoya ya kuku yaliyochomwa. Na siku ya nne, mchana kweupe, akiwa anafua uani na mtoto amelala fofofo mgongoni mwake, alisikia kutoka ndani ya nyumba, kutoka kitandani ambako hapakuwa na mtu, sauti ya mtoto ananyonya, ananyonya kwa pupa, anapumzika, anameza, anaanza tena, na maziwa yakaanza kumtoka Phelista yenyewe, yakailowesha blauzi mpaka kiunoni, bila mdomo wowote kumgusa.

Hakungoja kuanika nguo. Alikwenda saiba moja kwa moja.

"Hili jina la mwisho, nani aliliandika?" Khairunisa aliuliza, akivaa miwani.

"Nilidhani ni watu wetu. Nimewapigia wote. Hakuna anayelijua."

Khairunisa alibonyeza. Aliyelibandika hakuwa na picha, hakuwa na nchi, hakuwa na chochote. Akabonyeza jina lenyewe, na skrini ikajaa watoto. Walikuwa arobaini, wa kila rangi, wengine katika blanketi za hospitali, wengine kwenye mkeka, na wote macho yalikuwa yameelekea juu, pembeni, upande mmoja. Chini ya picha nyingi kulikuwa na maneno ya rambirambi.

"Astaghfirullah," Khairunisa alinong'ona, akaifunika skrini kwa mtandio wake. "Hilo si jina la binadamu. Phelista, ulilitamka?"

"Nililitamka sikioni mwake."

Walilifuta. Likarudi. Walilifuta tena, wakaizima kompyuta, wakaiwasha. Lilikuwa hapo. Phelista alilia kwa sauti mbele ya wateja, akampigia simu mama mkwe.

Kukhu Lenah aliletwa kesho yake kwa gari la kukodi, mguu umenyooshwa kiti cha nyuma. Ilikuwa saa nane, mvua ya Kitale inapiga mabati. Aliketi, akaomba mtoto, akaagiza mlango ufungwe.

"Mlango nyinyi mliacha wazi," alisema. "Majina ya wafu inaitwa na watu wenye waliwazika. Si kila mpita njia. Sasa ukauliza dunia nzima mtoto wako ni nani, si mwenye alikuwa anangoja akajibu?"

"Nisamehe, Mama."

"Nyamaza, nifanye kazi."

Aliita marehemu wote wa ukoo, hata wale Levi hakuwajua, hata waliokufa kabla ya kuota meno. Mtoto alitazama pembe. Harufu ya manyoya ilizidi mpaka macho yakawawasha, na kile kinyonyaji kisichoonekana kikaanza tena kitandani, karibu kabisa na bega la Phelista. Kukhu alimsogeza mtoto kifuani. Kisha akainamia sikio la mjukuu.

"Toka kwa hii mtoto," alisema polepole. "Hapa kuna mtu mzima. Kuja." Akavuta pumzi. "Lenah."

"Mama! Hiyo ni jina yako! Uko hai!"

"Kwa sasa," alisema Kukhu. "Lenah. Lenah."

Mtoto akafungua mdomo na kulia. Alilia kwa hasira, uso mwekundu, miguu ikipiga hewa, na Phelista alimnyakua, akampa titi, na titi likashikwa. Alikuwa akicheka na kulia pamoja. Alipogeuka kumshukuru mama mkwe, alimkuta ametulia kitini, macho yake yameelekea juu ya kabati.

Hakusema tena. Waliponyanyua mguu uliovunjika kumlaza, hakuguna. Siku ya tatu alifariki akiwa kimya vilevile, na Jotham, aliyemkuta yu hai bado, anasema mpaka leo kwamba mama yake alikuwa akinuka manyoya.

Walimzika Bungoma. Baada ya juma moja Phelista alijikaza akaenda saiba. Chini ya picha ya mwanawe jina lile halikuwapo tena. Alibonyeza picha nyingine aliyoiweka Levi, ya kumbukumbu: Kukhu Lenah miaka kumi iliyopita, ameketi uani na ungo wa maharagwe, anacheka na mpiga picha. Kucheka alikuwa anacheka, lakini macho yalitazama juu, pembeni. Chini yake kulikuwa na tagi moja tu: jina lile.

Phelista alilifuta mara saba. Kisha akaweka kiganja chake kwenye skrini, juu ya uso wa mama mkwe, mpaka Khairunisa akamshika mkono na kumwinua.

Alipokaribia nyumbani alimsikia binti yake, aliyemwacha na Jotham, tangu langoni, akipiga mayowe ya kumsumbua jirani. Jirani alitoka mlangoni amekunja uso. "Mama Lenah, si umnyamazishe huyo mtoto?"

"Wacha alie," alisema Phelista, akaketi kizingitini kumsikiliza.