Kifua cha Shantel

Khalayi alikuwa uani akichambua mboga ya mrenda aliposikia mke wa mwanawe Titus, Shantel, akikohoa ndani. Shantel alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwezi uliopita. Siku hizi alichoka hata akifua nguo chache za mtoto. Miguu ilimvimba, na kulala hakuweza mpaka aegemee ukuta. Watu wa kijijini kwao Kabras walisema ni uchovu wa uzazi tu.

Khalayi aliingia. Shantel alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akihema kama mtu aliyekimbizwa.

"Mama, sipati hewa," alisema.

Hivyo ndivyo mume wa Khalayi, Wandera, alivyohema mwaka jana alipotoka kukata miwa. Walidhani ni pumu. Waliazima kwa watu inhela, dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, wakamlaza chali apumzike. Wandera alikata roho kabla gari halijapatikana.

Khalayi alimwita jirani yao Rachael, mhudumu wa afya wa kijiji. Rachael alimkuta akimshika Shantel mabega ili amlaze.

"Usimlaze, Mama Titus," alisema. "Mwache aketi. Na usimpe dawa ya mtu mwingine. Twende hospitali sasa hivi."

Hospitalini Kakamega, muuguzi alimwekea Shantel oksijeni. Daktari Patroba alimpima presha, akamsikiliza kifua. Kisha akavuta mashine ndogo ya ultrasaundi, akampaka mafuta mazito kifuani na kupitisha kifaa chake taratibu juu ya mbavu.

"Daktari, hiyo si ya kuangalia mtoto tumboni?" Khalayi aliuliza.

"Ni hiyo hiyo, mama. Tunaangalia pia mapafu na moyo. Haina uchungu, na hatuhitaji kumtoa kitandani."

"Si ni pumu tu?"

"Inaweza kuwa pumu. Inaweza kuwa nimonia, au hewa iliyovuja nje ya pafu na kulibana, au maji. Ukimtazama mgonjwa, unaona anahema tu. Lakini kila ugonjwa una dawa yake."

Alimwonyesha kioo cha mashine.

"Unaona mistari hii myeupe inayoshuka? Iko pande zote mbili. Inaonyesha kuna maji ndani ya mapafu. Na huu hapa ni moyo. Unasukuma damu kwa unyonge. Moyo wa mama unaweza kudhoofika mwishoni mwa mimba au baada ya kujifungua. Ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji yanajaa mapafuni. Akilala chali, anazidiwa."

Shantel alidungwa sindano ya kupunguza maji. Damu yake ilipelekwa maabara, kwa kuwa picha peke yake haimalizi kila swali. Kufikia jioni aliweza kuongea bila kukatika pumzi. Aliuliza kama mtoto amepewa maziwa.

Khalayi alitoka nje, akaketi kwenye benchi, akalia. Patroba alimkuta hapo.

"Mzee wangu alikufa akihema hivi. Naye alikuwa na maji?" Khalayi aliuliza.

"Siwezi kujua, mama. Sikumwona."

"Tulimlaza, daktari."

Patroba aliketi kando yake.

"Mlitaka apumzike," alisema. "Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mtu anayehema hivyo huketishwa."

Shantel alirudi nyumbani. Anameza dawa za moyo kila siku na kwenda kliniki. Ameambiwa asishike mimba nyingine kabla daktari hajaupima moyo wake tena. Siku hizi anambeba mtoto mgongoni mpaka kisimani, akipumzika njiani.

Khalayi naye huwaeleza wenzake wa chama cha kina mama. Mtu akihema kwa shida ghafla, mketishe. Usimwazimie dawa. Mkimbize hospitali, aangaliwe ijulikane ni nini.

Siku moja mama mmoja alimwuliza, "Na Wandera alikufa na nini?"

Khalayi aliinamisha kichwa.

"Sijui," alisema. "Hatukumfikisha kwa mtu wa kumwangalia."