Ukitoa Moja Haidhuru

Siku ya mnada wa Karatu mtu mwenye akili hanunui kitu cha umeme kilichotandazwa kwenye turubai. Blandina alikuwa na akili, ila siku hiyo alikuwa pia na haraka. Alivaa sketi ya kitenge cha maua ya bluu, sweta la njano na raba nyeupe ambazo vumbi jekundu lilishazigeuza kahawia. Kamera ilimning'inia shingoni, na bibi harusi mmoja alikuwa akimngoja apigwe picha saa nne kamili.

"Jibi mia tano na kumi na mbili, sista," alisema muuzaji, akiinua flashi nyeusi ya kuhifadhia mafaili kama anainadi ng'ombe. "Arusha yenyewe huipati."

"Hiyo ni nane," ikasema sauti nyuma yake. "Imevishwa koti tu."

Blandina akageuka. Kijana mrefu, mwembamba, shuka la mistari ya bluu limepita juu ya jaketi la kampuni ya utalii lililokwisha kung'olewa jina kifuani, miguuni viatu vya matairi, mgongoni begi la laptopu.

"Wewe ero, kachunge!" muuzaji akamaka, kwa lile neno la Kimaasai la kumwitia kijana.

"Nimechunga mpaka darasa la sita, kaka. Sasa nachunga kompyuta." Akamgeukia Blandina. "Dada, nipe dakika kumi nikuonyeshe."

Zikawa arobaini. Akafungua laptopu juu ya gunia la vitunguu, akaanza kuijaza ile flashi mafaili, na Blandina akasimama juani akihema kwa hasira. Simu ya bibi harusi ikalia mara sita. Mwishowe flashi ikagoma ikiwa na saba na kidogo.

"Unaona?" kijana akasema, uso umemng'aa.

"Naona. Sina flashi na nimechelewa kazini. Umeniokoa au umenikomoa?"

"Vyote viwili. Naitwa Lekishon."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Miezi minane baadaye Blandina alikuwa bado anajiuliza swali lilelile, maana mapenzi ya Lekishon yalikuwa namna hiyo: matamu, ya kweli, na yenye kuchosha. Asubuhi angempigia simu, akimwita kwa jina la kijijini kwao: "Umeamkaje, malkia wa Rhotia? Umekunywa chai?" Mchana angeingia studioni kwake, pale nyuma ya stendi, na mahindi mawili ya kuchoma, achague lililo laini ampe yeye. Kisha angekaa chini na kufungua kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Hakuwa mtu wa kununua, alikuwa mtu wa kuunda. Kwa hiyo siku diski ya Blandina ilipoanguka kutoka mezani na kunyamaza moja kwa moja, alikuja na flashi tano za mbao zilizochorwa kifaru kwa moto, masazo ya mkutano wa hoteli fulani kule mlimani.

"Lekishon, kwa nini tusinunue diski moja nzima, ya dukani, yenye karatasi yake?"

"Mpenzi, diski moja ikianguka imeanguka. Hizi ni tano. Mafundi wanaiita reidi. Kompyuta itaziona tano kama kitu kimoja. Filamu yako inakatwa vipande, kila flashi inabeba chake, halafu kuna hesabu inawekwa juu yake. Ukitoa moja, haidhuru. Nne zilizobaki zinajua ile ilibeba nini."

"Na zikitoka mbili?"

"Mbili haziwezi kutoka siku moja."

"Nani kasema?"

"Hesabu."

Akazichomeka zote kwenye kidude chenye matundu saba, akakifungia ndani ya kopo la biskuti lililotobolewa upande mmoja, vitaa vikawa vinapepesa ndani kama macho ya paka. Blandina akasonya. Lakini mtambo ulifanya kazi, na wiki ile ile akahifadhi humo filamu ya harusi ya Neema, mdogo wake. Kadi za kamera akazifuta, maana kazi nyingine ilikuwa inangoja.

Filamu ile haikuwa ya mchezo. Siku Neema anaolewa, baba yao, Mzee Yohani, alikuwa amelazwa, mguu kwenye plasta, baada ya teke la dume la jirani. Binti yake wa mwisho alitoka mlangoni kwake naye hayupo. Tangu hapo alikuwa na neno moja tu: "Mtanionyesha lini mwanangu akitoka?" Sasa mguu umepona, na ameshapanga. Jumapili, baada ya ibada, kijiji kizima kitakuja kwake kutazama. Na Jumapili hiyohiyo Lekishon angekanyaga pale nyumbani kwa mara ya kwanza kama mchumba. Mzee hakuwa amesema ndiyo wala hapana kuhusu mkwe Mmaasai. Alikuwa amesema tu, "Aje nimwone."

Ijumaa asubuhi akaingia Wilibrodi, mwalimu wa kwaya, jasho linamtiririka.

"Dada Blandina, niokoe! Lori la Nainokanoka linaondoka sasa hivi, nakwenda kufundisha kwaya ya kule, sina flashi ya kubebea nyimbo. Ya kwangu imeliwa na mbuzi."

"Mbuzi?"

"Usiniulize, dada."

Karatu flashi hainyimwi jirani, kama vile moto wa jikoni haunyimwi. Nje lori likapiga honi. Blandina akalitazama kopo la biskuti. Ukitoa moja haidhuru. Akapenyeza mkono ndani bila hata kufunua kifuniko, akang'oa ya kwanza aliyoigusa, akampa. Wilibrodi akatoka mbio.

Nusu saa baadaye simu ikalia.

"Binti yangu, hujambo? Simon wa hapa kijijini analeta TV yake na jenereta. Mbuzi wa kuchinja nimeshamfunga. Filamu iko tayari?"

"Shikamoo baba. Iko, baba. Tayari kabisa."

Akageukia kompyuta aihakikishe. Palipokuwa na harusi ya Neema hapakuwa na kitu. Hata lile folda halikuwapo.

"Lekishon!" alipiga kelele kwenye simu. "Mtambo wako umekufa!"

"Hauwezi kufa, mpenzi. Umezima umeme?"

"Sijazima kitu! Njoo!"

Akaja anatweta, akafunua kopo, akatazama ndani kwa muda mrefu mno.

"Mama, hapa naona tatu."

"Nimetoa moja tu! Si ulisema haidhuru? Nimempa Wilibrodi, asubuhi hii."

Lekishon alianza kukuna sikio, na Blandina alishajua maana ya kukuna sikio.

"Lekishon. Ya pili iko wapi?"

"Nilimpa Naftali dereva. Jumanne. Alitaka nyimbo za garini. Nilijua ukitoa moja haidhuru."

"Jumanne! Hukuniambia?"

"Mbona na wewe hukuniambia?"

"Studio ni ya nani? Filamu ni ya nani? Baba ni wa nani? Miezi minane nakusikiliza na hesabu zako. Hesabu yako ilijua Blandina naye ana mkono? Nimechoka, Lekishon. Jumapili usije. Nitamwambia baba mwenyewe kwamba filamu hakuna na mchumba hakuna."

"Blandina, sikia. Ile ya Wilibrodi ndiyo iliyotoka mwisho. Ikirudi kabla haijafutwa, vyote vinafufuka. Vyote. Nipe leo tu, halafu unifukuze."

Wakampigia Wilibrodi. Hapatikani. Wakampigia Naftali, dereva wa watalii, naye alikuwa anapandisha gari tupu kufuata wageni wake ukingoni mwa kreta, njia ileile ya Nainokanoka. Dakika kumi baadaye akasimama mlangoni, miwani ya jua kichwani, muziki umefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka.

"Shemeji, panda! Nimesikia msiba."

Blandina akapanda mbele, Lekishon akatupwa kiti cha nyuma kabisa. Kwenye redio ya gari, kikiwa kimechomekwa, kilikuwapo kipande cha mbao chenye kifaru.

"Naftali, ndiyo hiyo?"

"Ndiyo. Nimeijaza mpaka pomoni. Bongo Fleva, injili, mpaka taarabu. Wazungu wanaipenda."

"Unajua unacheza juu ya harusi ya mdogo wangu?"

"Basi harusi imenoga!"

"Zima!"

Akazima. Kwenye geti la hifadhi wakaandikishwa, wakaanza kupanda. Ukungu uliteremka kutoka msituni ukayalamba madirisha, miti yenye ndevu ikawa inatokea na kupotea, baridi ikapenya. Nyuma, Lekishon akakohoa.

"Malkia."

"Usiniite hivyo."

"Bi Blandina, basi. Una baridi. Chukua shuka."

"Nina sweta."

"Sweta lina tundu kwenye kiwiko."

"Wewe una tundu kichwani."

Naftali akacheka peke yake. Simu ya Blandina ikaita. Alikuwa baba tena.

"Nimemwalika na mchungaji," Mzee Yohani alisema. "Nimemwambia nitaona Neema akitoka mlangoni kwangu kama vile nilikuwapo. Si ndivyo?"

"Ndivyo, baba."

Lekishon akainama mbele. "Nipe simu nimwambie ukweli."

"Ukimgusa baba yangu na habari za flashi nakuteremsha hapa ulale na nyati," Blandina akanong'ona, kiganja juu ya simu.

Kabla hajamaliza, mtandao ukakatika, na Blandina akabaki ameshika simu iliyonyamaza, macho yamejaa machozi. Alichukia kwamba Lekishon aliyaona.

Nainokanoka walifika mchana, upepo unakata. Ng'ombe walikuwa wameziba njia, maduka mawili yamefungua nusu mlango. Kanisani kwaya ilikuwa imesimama kwa safu, na Wilibrodi ameketi mbele, laptopu ya kanisa magotini.

"Blandina!" akasimama kwa furaha. "Umenifuata? Flashi yako nzuri sana! Ilikuwa tupu kabisa!"

"Tupu?"

"Kompyuta ikaniuliza kama niisafishe kwanza. Nikasema, kitu cha mtu lazima ukitumie kikiwa safi. Nikaisafisha."

Lekishon alikaa chini palepale, kwenye sakafu. "Umeshaweka nyimbo ngapi?"

"Nne. Ya tano inaingia."

Alivyoruka! Shuka likabaki hewani. Akaing'oa flashi kama mtu anayemng'oa kupe kwenye sikio la ndama, kwaya nzima ikasema "Haa!"

Blandina alitoka nje. Alisimama nyuma ya kanisa ambako upepo ulimpiga vizuri, akalia, kisha katikati ya kilio akakumbuka uso wa Wilibrodi akisema "nikaisafisha", akaanza kucheka, na hilo likamuudhi zaidi. Lekishon akaja taratibu. Hakusema malkia wala mpenzi. Akamvisha shuka mabegani na safari hii hakukataliwa.

"Amesafisha juu juu," alisema. "Nyimbo nne ni kidogo. Nikikesha naweza kupata sehemu kubwa. Sikuahidi yote."

"Hiyo ndiyo mara ya kwanza nakusikia huahidi yote."

"Nilitaka uone kwamba ukinipa kitu mkononi hakipotei. Ndiyo maana niliunda lile kopo."

"Sikutaka kopo, Lekishon. Nilitaka uniambie Jumanne kwamba umetoa moja. Basi. Maneno mawili."

Akafikiri. "Na wewe leo asubuhi?"

Blandina akafuta pua kwa ncha ya shuka. "Na mimi leo asubuhi," akakiri kwa shida.

Jumamosi nzima Lekishon hakutoka mbele ya kompyuta. Blandina alimpelekea chai na maharage, akasimama nyuma yake akitazama skrini. Jua linapozama picha ikatokea: Neema, veli nyeupe, meno yote nje. Blandina akaipiga meza kofi. Halafu wakaiangalia yote, na furaha ikapungua. Katikati palikuwa na shimo la dakika kumi na moja. Picha ilivunjika miraba ya kijani, sauti ikakoroma, na iliporudi Neema alikuwa tayari ameketi kanisani. Kutoka kwake mlangoni hakukuwapo.

"Hilo ndilo alilolitaka," Blandina alisema.

"Najua."

"Kesho utakuja?"

"Ulinifukuza."

"Nimekuuliza utakuja au huji!"

Akaja. Shati jeupe limepigwa pasi, shuka jipya jekundu, ngozi imepakwa mafuta. Uwanja wa Mzee Yohani ulijaa, jenereta la Simon linanguruma, TV juu ya kinu kilichopinduliwa. Mzee alikaa mbele kabisa, amevaa koti la ibada, fimbo magotini. Neema alipotokea kwenye TV akichanwa nywele ndani, mzee akatabasamu mpaka ufizi. Kisha ikaja miraba ya kijani.

"Nini hii?"

Blandina akafungua mdomo. Lekishon akamtangulia, akasimama mbele ya watu wote.

"Shikamoo baba. Ni mimi. Nilitoa flashi moja bila kumwambia Blandina."

"Na mimi nikatoa nyingine bila kumwambia yeye," Blandina akadakia. "Dakika kumi na moja zimepotea, baba. Zile za mlangoni."

Mzee akazitazama zile rangi za kijani zikicheza, uso umemshuka.

"Hapo Neema alikuwa anagoma kutoka," sauti ikasema nyuma. Ilikuwa ya shangazi yao, Selina. "Alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili."

"Mkono mmoja!" Simon akapinga. "Mwingine ulikuwa na maua."

"Maua nilikuwa nayo mimi! Alishika miwili, analia anamwita baba yake. Mama yake akamwambia, baba yako amesema nenda, ng'ombe kamvunja mguu siyo mdomo."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasimama kuonyesha Neema alivyokanyaga veli, mwingine akasema sivyo, wakabishana, wakainuka, wakaenda wote mpaka mlangoni penyewe kuonyeshana nani alisimama wapi. Mzee Yohani akajikongoja nyuma yao, akauliza hili, akauliza lile, akashika mwimo pale aliposhika binti yake. Machozi yalimtoka bila aibu. Filamu iliendelea nyuma bila mtazamaji.

Aliporudi kitini akawaita wawili wale kwa fimbo.

"Kijana. Ulitoa moja, hukumwambia huyu."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe binti yangu, ukatoa moja, hukumwambia huyu."

"Ndiyo, baba."

"Watu wa namna hii kila mmoja akiwa na mlango wake, wataharibu vitu vya watu mpaka lini? Bora wakae nyumba moja wawe wanaulizana." Akamtazama Lekishon. "Lete wazee wako. Waje na maneno, nami nitakuwa na yangu."

Vigelegele vikapasuka. Blandina akasimama, mikono kiunoni.

"Baba, mbona mimi hamjaniuliza kama nataka?"

Vigelegele vikakatika. Mzee akainamisha kichwa. "Haya. Unataka?"

Blandina akamtazama yule mrefu, macho mekundu kwa kukesha, mafuta yamemchuruzika shingoni kwa woga.

"Nataka," alisema. "Ila leo asinisemeshe. Mpaka kesho."

Lekishon, aliyekuwa ameshafungua mdomo, akaufunga, akaenda kumsaidia Simon kushusha TV.