Kadi za Rayhana

Nadra ana duka dogo mtaa wa Nengo, mjini Gisenyi, Rwanda. Anatoa fotokopi na kuchapisha kadi za harusi. Kila asubuhi anawasha kompyuta, kisha anakwenda kunywa chai. Anarudi chai imekwisha, kompyuta bado inajikokota. Kompyuta gani hiyo, jamani!

Jumatano moja alikuja mzee Habib, muuza vitambaa. Binti yake Rayhana alikuwa anaolewa Jumapili. Kadi yake ilikuwa tayari kwenye flashi, kazi iliyobaki ni kuchapisha. Nadra akachomeka flashi. Loo! Mahali pa kadi palikuwa na alama ndogo tu, isiyofunguka.

"Virusi tena!" Nadra akashika kichwa.

Mzee Habib ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza kabisa. Leo amwambie nini?

"Mutoto wangu," mzee akasema, "watu watakuja namna gani bila kadi?"

Nadra akampigia simu jirani yake Claudette, mwalimu wa kompyuta aliyekulia Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Claudette akaja na flashi yake.

"Usilie, dada. Bon, mu hii flashi iko Linux. Ni mufumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na ni ya bure. Tutajaribu tu, hatufuti kitu."

"Inawezekana kujaribu bila kufuta?"

"Ndiyo. Kompyuta itawaka kupitia hii flashi. Tukizima na kuichomoa, inarudi vile ilikuwa."

Kompyuta ikawaka. Claudette akafungua flashi ya mzee Habib. Kadi hiyo hapo, nzima!

"Virusi ilikuwa imeificha tu," akaeleza. "Ilitengenezwa kwa mufumo ule wa zamani. Huku haina nguvu."

"Alhamdulillahi!" Mzee Habib akapiga makofi.

Nadra akaandika jina la bibi harusi kwa ajili ya bahasha, haraka haraka kwa furaha. Akachapisha moja. Ikatoka imeandikwa: Rqyhqnq.

"Yewe!" mzee akashtuka. "Huyu ni nani? Mi sina mutoto wa jina hii!"

Claudette akainama kuisoma. Nadra akatazama vidole vyake, kisha akacheka mpaka machozi.

"Kibodi yangu niliinunua Goma! Herufi zimepangwa Kifaransa. Linux inadhani ni ya Kiingereza."

Wakachagua Kifaransa kwenye mipangilio. Jina likatoka sawasawa, na printa ikafanya kazi mpaka jioni.

Baada ya harusi, Nadra alinakili faili zake zote kwenye diski nyingine. Ndipo Claudette akaweka Linux ndani ya kompyuta, iwe ya kudumu. Programu ya zamani ya picha ilikataa katakata. Nadra alinung'unika weee, halafu akajifunza nyingine. Sasa kompyuta inawaka chai ikiwa bado ya moto. Flashi za wateja hazimtishi tena, ila nakala za kazi anaendelea kuweka.

Siku moja alikwenda kununua kitambaa kwa mzee Habib. Akaona ile bahasha yenye makosa imebandikwa ukutani.

"Mzee! Hiyo si ya kutupa?"

"Nitupe? Rayhana alishaolewa, nyumba iko kimya," mzee akasema, akiipangusa vumbi kwa kiganja. "Lakini huyu hapa, hakuna mutu atakuja kumuposa. Huyu iko wangu mimi!"